MKEKA WA MPIRA CHINI YA MIGUU YA DEREVA: JINSI YA KUUCHAGUA, KUUSAFISHA NA KUUDAI





Mara ya kwanza tulipoweka jambo la mikeka ya magari katika mazungumzo ya mkutano wa tawi letu, baadhi ya wanachama walicheka. Walisema: tuna shida ya mishahara, tuna shida ya posho ya safari, tunalala mpakani siku nyingi tukingoja karatasi, nanyi mnatuletea habari za mikeka? Hatuwalaumu. Sisi wenyewe tuliokuwa mbele tulikuwa tumelicheka jambo hilo hilo miaka miwili kabla yake. Leo hatucheki tena. Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Katika makala haya tunaeleza mwiba huo ulivyotuchoma, na jinsi mfanyakazi wa gari anavyoweza kujikinga nao.

Mkeka tunaousema ni ule wa mpira au wa plastiki unaowekwa sakafuni mwa gari, chini ya miguu ya dereva na abiria, ili kuzuia matope, maji na vumbi wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Wengine huuita kapeti ya mpira, wengine raba ya chini. Jina lolote lifaa, mradi tuelewane.

Yaliyotupata

Mwajiri mmoja, ambaye hatutamtaja hapa, alitoa amri kwamba lori likirudi na kabini chafu dereva atakatwa mshahara. Amri ilitoka mwezi wa Aprili, wakati mvua ni nyingi. Kila mtu ajuaye barabara zetu anajua kwamba ukiacha lami tu, unaingia udongo mwekundu. Udongo huo mvua ikinyesha hushika viatu kama gundi, na jua likiwaka huwa vumbi linaloingia hata puani. Dereva anashuka kufungua turubai, anashuka kupimwa mzigo, anashuka kuonyesha karatasi, na kila mara akipanda anapanda na matope. Kabini isichafuke vipi?

Mikeka iliyokuja na malori yale ilikuwa imekwisha siku nyingi. Madereva waliomba mingine, wakaambiwa hakuna fungu la fedha. Basi wakaenda sokoni wakanunua kwa fedha zao. Nasi viongozi wa tawi tulipoulizwa, tulijibu: nunueni, msije mkakatwa. Hilo lilikuwa kosa letu na tunalikiri mbele yenu.

Ndugu yetu mmoja alinunua kipande cha mpira mnene akakikata mwenyewe kwa kisu. Kwa kukusanya matope kilikuwa kizuri sana. Lakini hakikuwa na kifungo cha kukishika sakafuni, na chini yake kilikuwa laini. Siku moja akiteremka na mzigo, mpira ule ulisogea mbele kidogo kidogo mpaka ukajikunja chini ya pedali ya breki. Alipokanyaga, pedali iliishia nusu ya njia. Lori liligonga lingine lililokuwa limesimama katika foleni. Turniboi wake alivunjika mguu. Dereva akafukuzwa kazi, na barua ilisema sababu ni uzembe.

Tulikwenda kuliona lori lile katika uwanja wa polisi. Mkeka ulikuwa bado pale pale, umekunjamana chini ya breki kama shati lililotupwa. Tuliupiga picha, tukaandika taarifa, tukamkumbusha mwajiri amri yake ya mwezi wa Aprili. Mazungumzo yalichukua miezi mitano. Dereva alirudishwa kazini, lakini mshahara wa miezi hiyo hakuupata. Turniboi anachechemea mpaka leo.

Tangu siku hiyo tumejifunza mengi kuhusu kipande hiki cha mpira. Tumeuliza mafundi na tumesoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Yaliyotokea Marekani mwaka 2009

Msidhani ni shida ya nchi zetu na magari yetu makuukuu peke yake. Mwezi Agosti 2009, karibu na mji wa San Diego katika jimbo la California, askari wa usalama barabarani ambaye siku hiyo hakuwa kazini alikuwa akiendesha gari la aina ya Lexus ES 350 pamoja na watu watatu wa jamaa yake. Gari halikuwa lake. Aliazimwa na wauza magari wakati gari lake likitengenezwa. Pedali ya mafuta ilinasa chini, gari likakimbia kupita kilometa 160 kwa saa, na wote wanne walikufa.

Wachunguzi walipotazama walikuta nini? Katika gari lile palikuwa na mkeka wa mpira wa kila majira uliotengenezwa kwa gari la aina nyingine, Lexus RX. Ulikuwa mrefu kuliko sakafu ile, na haukufungwa kwenye vifungo vyake. Pedali ya mafuta ilipokanyagwa hadi chini, ilishikwa na ukingo wa mkeka isiweze kurudi.

Tena iko habari moja katika uchunguzi ule ambayo kila mfanyakazi aikumbuke. Siku chache kabla ya ajali, mtu mwingine aliyekuwa ameazimwa gari lile lile alipatwa na jambo lile lile. Yeye alifaulu kulisimamisha na kuuondoa mkeka ulionasa. Aliporudisha gari alimwambia mfanyakazi wa mapokezi. Maneno yakaishia pale mezani. Gari likapewa mtu mwingine, na mkeka ule ule ndani yake.

Watengenezaji wenyewe hawakuwa wageni wa jambo hili. Mwaka 2007 kampuni ya Toyota, ambayo ndiyo mwenye Lexus, ilikuwa imeirudisha mikeka ya mpira ipatayo 55,000 nchini Marekani kwa sababu hiyo hiyo ya kunasa pedali. Baada ya ajali ya 2009 iliita magari zaidi ya milioni 3. Mengine pedali zake zilikatwa zikawa fupi, na mengine yakawekewa mpango wa kukata nguvu ya injini pale breki inapokanyagwa. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2, kwa kuwa haikuwaambia wateja ukweli wote kuhusu pedali hizo.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mtu akiwaambia kwamba mkeka ni pambo tu, mpeni habari hii.

Namna ya kuchagua

Kwanza, mkeka uwe wa gari lile lile. Magari mengi madogo yanayotembea Uganda yaliletwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na mikeka iliyomo mara nyingi imebadilishwa mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya kukufikia. Usidhani kwamba kwa kuwa mkeka uliukuta ndani ya gari basi ni wake. Ulinganishe na sakafu. Mkeka halisi hufuata kona za sakafu, una matundu mahali palipo na vifungo, na upande wa pedali umekatwa kwa mzunguko wa kuziachia nafasi.

Pili, tazama usukani uko upande gani. Sisi Uganda, kama Kenya na Tanzania, tunapita kushoto na dereva huketi kulia. Lakini ukivuka Katuna kuingia Rwanda, au Mpondwe kuingia Kongo, au Elegu kuingia Sudani ya Kusini, huko wanapita kulia. Mkeka wa dereva uliochongwa kwa gari lenye usukani wa kushoto hauwezi kukaa vizuri katika lori lenye usukani wa kulia, hata kama gari ni la aina moja. Pale penye nafasi ya pedali pamekuwa upande mwingine. Ndugu anayenunua mkeka safarini akumbuke jambo hilo.

Tatu, tazama vifungo. Magari mengi yana ndoano au vishikizo viwili sakafuni, upande wa nyuma karibu na kiti. Mkeka bila kushikwa ni sawa na ngazi bila mtu wa kuishika. Kama ndoano zimevunjika, zitengenezwe kwanza. Misumari ya miiba chini ya mkeka husaidia juu ya zulia, lakini juu ya bati au plastiki tupu haishiki kitu.

Nne, tazama unene na uzito. Mpira mzito hulala vizuri na hauinuki ukingo. Lakini ukiwa mnene mno huinua sakafu, na pedali hukosa mahali pa kuishia. Madereva wengi hufikiria breki na mafuta, husahau klachi. Klachi isipofika chini kabisa, gia hulia kila inapoingizwa na giaboksi huisha mapema. Halafu dereva ndiye anayeambiwa hajui kubadili gia.

Tano, tazama mifereji. Mkeka mzuri una mifereji mirefu na ukingo ulioinuka pembeni, ili maji na mchanga vikae ndani yake, visimwagikie zulia. Upande wa juu uwe na mikwaruzo ya kushika kiatu. Mkeka laini unaong'aa kama kioo ni hatari, hasa kiatu kikiwa na maji au dizeli.

Sita, unuse na kuukunja. Mpira mzuri ukikunjwa hurudi kama ulivyokuwa. Plastiki ya bei ya chini hubaki na mkunjo, na mkunjo ule ndio utakaoinuka kuelekea pedali. Tena plastiki hizo zikipigwa na jua ndani ya kabini iliyofungwa hutoa harufu kali inayouma kichwa. Ukiona harufu haitoki baada ya kuuanika siku kadhaa, urudishe.

Vile vile kuna kipande cha kukata mwenyewe kwa kisu. Kwa upande wa turniboi na nyuma ya viti, kitafaa. Kwa upande wa dereva hatukishauri. Kama hapana njia nyingine, kikatwe kiishie mbali na pedali, na kifungwe sakafuni kisiweze kusogea hata kikivutwa kwa nguvu.

Kipimo cha kila asubuhi

Hakichukui hata dakika moja. Gari likiwa limesimama na injini imezimwa, fanya hivi:

1. Vuta mkeka kuelekea mbele kwa mkono. Ukisogea, haukufungwa.

2. Kanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho, kisha iachie. Irudi yenyewe mara moja bila kugusa mkeka.

3. Kanyaga breki, kisha klachi, mpaka mwisho. Tazama kwa macho kama kuna ukingo unaozizuia.

4. Tazama chini kama pana kitu kinachotembea. Chupa tupu ya maji inayobingirika chini ya breki ni ndugu wa mkeka uliojikunja. Vivyo hivyo tochi, spana, na kandambili uliyovua ukaendesha miguu mitupu.

Iko sheria moja isiyo na ubishi: usiweke mkeka juu ya mkeka. Wengi huweka wa mpira juu ya ule wa zulia ili wa zulia usichafuke. Wa chini umeshikwa, wa juu haukushikwa, nao ndio ulio karibu na pedali. Ondoa mmoja. Wala usiugeuze chini juu, kwa sababu upande wa juu hauna cha kushikia.

Tunaongeza neno kuhusu mahali pa kuoshea magari. Vijana wale hufanya kazi kwa haraka na hawana kosa, kwani hulipwa kwa gari. Lakini wakimaliza huirudisha mikeka bila kuifunga, na mara nyingi huweka gazeti juu yake. Gazeti likilowa huteleza. Kila gari likitoka kuoshwa, fanya kipimo upya kabla ya kuwasha.

Namna ya kusafisha

Mkeka mchafu nao ni hatari, si aibu tu. Matope yakikauka huwa vumbi, nasi tunalivuta vumbi hilo saa zote za safari madirisha yakiwa yamefungwa. Maji yakipita chini ya mkeka, zulia huoza na kunuka, na bati la sakafu huanza kupata kutu mahali usipopaona. Dizeli na grisi hufanya kiatu kiteleze kwenye pedali. Basi, fuata taratibu hii.

Toa mkeka nje. Usimwagie maji ndani ya kabini. Katika magari mengi nyaya za umeme hupita chini ya zulia, na maji yakiingia huko yatakuletea ugonjwa ambao fundi ataulipisha wiki nzima.

Kama ni matope mabichi, acha yakauke kwanza, kisha uupige mkeka ukutani yaanguke. Ukiyaosha mabichi unayasambaza tu.

Tazama ulibeba nini. Waliopakia saruji Tororo au Hima wafagie mkeka ukiwa mkavu kabisa kabla ya maji kuugusa, maana saruji ikilowa hukauka kama jiwe ndani ya mifereji, na ikiwa na maji huunguza ngozi ya mikono. Waliobeba chumvi ya Katwe au mbolea waoshe siku hiyo hiyo, kwa sababu chumvi hula bati upesi. Waliobeba samaki wa Ziwa Viktoria wanajua wenyewe: maji ya samaki yakilala usiku mmoja, harufu haitoki kwa mwezi.

Kama pana dizeli au mafuta ya injini, nyunyizia majivu, vumbi la mbao au udongo mkavu, acha yanyonye, kisha fagia. Baada ya hapo tumia sabuni.

Sabuni ya kuoshea vyombo au ya unga, kidogo tu katika ndoo ya maji, na burashi ngumu, vinatosha. Sugua kwa kufuata mifereji. Usioshe mpira kwa petroli. Tumeona wengi wakifanya hivyo kwa sababu petroli hutoa grisi haraka. Lakini petroli huuvimbisha mpira na kuulainisha, halafu unapasuka na kujikunja, na mvuke wake katika kabini ni sumu na ni moto.

Suuza mpaka povu liishe kabisa. Sabuni iliyobaki huteleza siku ya kwanza ya mvua.

Anika kivulini, umeegemezwa, pande zote mbili. Jua kali la siku nyingi hukausha mpira ukapasuka, na plastiki hujipinda kingo zake zikainuka.

Usipake mafuta ya kung'arisha tairi. Mkeka utang'aa kama mpya, na kiatu kitateleza kama juu ya ganda la ndizi. Mkeka wa dereva hauhitaji kung'aa.

Wakati mkeka unakauka, tazama sakafu. Futa, gusa zulia kama lina maji, angalia ndoano kama ni nzima. Mkeka ukikauka, urudishe, ufunge, kisha fanya kipimo cha asubuhi tulichokieleza.

Wakati wa mvua fanya hivi kila juma, au kila mwisho wa safari ndefu. Kiangazi, kuupiga na kuufuta kila siku chache hutosha. Wala tusioshee mtoni mahali watu wanapochota maji. Mafuta yetu ni maji yao ya kunywa.

Pedali ikinasa ukiwa njiani

Tunaomba isiwapate. Ikiwapata, kumbukeni:

Usiiname kuuvuta mkeka gari likiwa linakwenda. Macho yatatoka barabarani na kifua kitasukuma usukani.

Kanyaga breki kwa nguvu na uendelee kuikanyaga. Usiipige-pige, kwa maana kila ukiiachia unapoteza nguvu inayosaidia breki.

Toa gia, uweke nyutro. Kwa gari la klachi, kanyaga klachi. Injini italia sana, iache ilie. Injini iliyoharibika hununuliwa.

Elekea kando ya barabara, simama, vuta breki ya mkono, kisha zima. Usiitoe swichi gari likiwa linakwenda, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Kwa magari mapya yanayozimwa kwa kitufe, mengi hutaka kitufe kikandamizwe kwa sekunde kadhaa, kukigusa mara moja hakuzimi. Kila dereva ajue gari lake linazimwaje kabla hajalitoa uwanjani.

Halafu, ukisha kusimama na moyo ukatulia, usiutupe mkeka ule. Upige picha ulivyo. Andika taarifa, weka tarehe, namba ya gari na mahali, peleka kwa mwajiri na nakala upeleke tawini. Wakumbukeni wale wanne wa California. Yule wa kwanza alisema kwa mdomo tu, maneno yakapotea. Karatasi yenye tarehe haipotei, na siku ya kuitwa mzembe ndiyo itakayokusemea.

Nani anunue?

Hili ndilo lililotuleta kuandika. Waajiri wengi husema mkeka ni usafi, na usafi ni wa dereva. Sisi tunajibu hivi: sakafu ya kabini ni sakafu ya mahali pa kazi. Kiwandani sakafu ikiteleza, haambiwi mfanyakazi aende sokoni kununua sakafu yake. Kwa nini dereva aambiwe?

Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Na mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo mjini Geneva uliweka usalama na afya kazini katika haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inawajibika kuziheshimu. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayompa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Matawi ya nchi jirani yatazame sheria zao.

Katika tawi letu tumeyapeleka mezani mambo manne, nanyi mnaweza kuyatumia:

1. Mwajiri anunue mikeka ya aina ya gari lake, yenye vifungo, na aibadilishe inapochakaa.

2. Mkeka na vifungo viandikwe katika karatasi ya ukaguzi wa gari, pamoja na tairi, taa na breki. Gari lisilopita lisitoke, na dereva anayekataa kulitoa asiadhibiwe.

3. Muda wa kuosha kabini uhesabiwe kuwa muda wa kazi, kwa dereva na kwa turniboi pia.

4. Hakuna mshahara utakaokatwa kwa sababu ya matope ya barabarani.

La kwanza na la pili mwajiri wetu amekwisha kuyakubali. La tatu bado tunavutana. La nne alilikubali kwa mdomo, nasi tumemwomba aliandike, kwa sababu tumekwisha kujifunza bei ya maneno ya mdomo.

Upande wetu pia tuna wajibu. Mwajiri akileta mkeka mzuri na dereva akauacha bila kufungwa, au akatandika mwingine juu yake kwa ajili ya urembo, hapo hatuna la kumtetea. Haki na wajibu ni miguu miwili ya mtu mmoja.

Yule turniboi aliyevunjika mguu sasa hafanyi safari ndefu. Yuko uwanjani, na kila asubuhi kabla ya malori kutoka yeye hupita kabini kwa kabini akivuta mikeka kwa mkono. Hakuna aliyemwamuru. Siku za mwanzo madereva walimtania, wakamwita bwana mikeka. Sasa wanamngoja afike ndipo wawashe.

Ndugu zetu wa Kenya, wa Tanzania, wa Rwanda na wa Kongo, tukikutana mpakani tusiulizane habari za foleni na bei za chakula tu. Tuulizane pia: mkeka wako umeufunga?

Umoja ni nguvu.